Sauti ya Kiwanda cha Almasi

Almasi haichimbwi Iringa. Inachimbwa Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi alioufungua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Lakini baada ya uhuru iliamuliwa kwamba sehemu ya mawe hayo ichongwe hapa hapa nchini, na kiwanda cha kuyachonga kikawekwa Iringa, kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini, mbali kabisa na mgodi. Shirika likajulikana kwa jina la Tancut. Leo ukilitaja jina hilo mbele ya mtu aliyekuwa kijana miaka ya 1980, iwe Kihesa, Makambako au Mwanjelwa, hatakuuliza habari za mawe. Ataanza kuimba.

Tancut Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda. Mbele walisimama mapacha wawili kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na walipoingia pamoja kwenye kiitikio ilikuwa kazi kujua sauti ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi. Ndiyo bendi ya "Nimemkaribisha Nyoka", "Masafa Marefu" na "Butinini". Ndiko pia alikopitia John Kitime, mpiga gita aliyeendelea na Vijana Jazz na baadaye Wana Njenje, na ambaye amefanya kazi kubwa ya kuandika kumbukumbu za muziki wa dansi. Nyimbo zao zilianza taratibu, gita la solo likizungumza na mwimbaji kwa upole, kisha saksafoni na tarumbeta zikaingia na wachezaji wakajua sasa ni wakati wa kutoka jasho. Ule mwanzo wa taratibu ndio uliowafanya wapendwe hata na wasiokanyaga ukumbini: mama aliyekuwa akichambua maharage uani aliusikiliza wimbo mzima na kuyashika maneno.

Bendi za namna hii hazikuwa ajabu Tanzania. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na yake, shirika la bima likawa na Bima Lee, magereza na polisi nao hawakubaki nyuma. Mpangilio ulikuwa wazi. Vyombo ni mali ya mwajiri. Mwanamuziki ni mwajiriwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi kama karani au fundi. Akihama, anahama na kipaji chake tu. Gita linabaki stoo. Mfumo huo ulikuwa na kero zake, na wanamuziki walihamahama kila walipoitwa kwenye maslahi zaidi, lakini uliwezesha jambo moja kubwa: mji wa mkoani, usio na studio wala kampuni ya santuri, ukawa na bendi ya kushindana na za Dar es Salaam.

Na kilichowafikisha kwa watu ni redio. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mburudishaji wa taifa alikuwa mtu usiyemjua sura. Bendi ilipanda basi kwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), mashairi yakakaguliwa kwanza, kisha wote wakapiga kwa pamoja huku mkanda ukizunguka. Baada ya hapo wimbo ulirudi Iringa na Mbeya kwa njia ya hewa, kwenye Misakato, kwenye Club Raha Leo Show, kwenye salamu za wagonjwa. Nyumba yenye redio ya National ilikuwa na majukumu. Betri zikilegea zilianikwa juani ili zivumilie mpaka kipindi cha jioni, na jirani asiye na redio alikuja na kigoda chake. Redio hiyo hiyo ndiyo iliyosoma matangazo ya vifo. Watu walinyamaza kwa ajili ya majina, halafu dansi likaendelea.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mitambo ya kutengeneza santuri ilikuwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Nyimbo nyingi za enzi hiyo hazikupata santuri kabisa. Zilibaki kwenye mikanda ya RTD, na mitaani kwenye kaseti zilizonakiliwa kutoka redioni, mara nyingi zikiwa na sauti ya mtangazaji mwanzoni. Sheria ya hakimiliki yenye meno ilikuja mwaka 1999, wakati bendi nyingi zilikuwa zimeshakufa.

Mtu anaweza kulinganisha na mwimbaji Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936 na kusoma huko huko kabla ya kwenda Uingereza. Naye aliimba nyimbo za taratibu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na kipindi chake cha televisheni. Alipofariki Ufaransa Septemba 2023, televisheni zilikuwa na picha zake za kila umri: akiimba, akipiga mluzi, akicheka. Mwimbaji wa Tancut hakuwa na kipaji kidogo kuliko yule. Alichokosa ni kamera, mkataba na mtu wa kuitunza kanda.

Kisha mashirika yenyewe yaliyomiliki bendi yakaanza kuanguka. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na ubinafsishaji uliofuata havikuacha nafasi ya mshahara wa mpiga tumba kwenye vitabu vya kiwanda. Waimbaji wa kizazi hicho nao wamekuwa wakiondoka: Hemed Maneti wa Vijana Jazz mwaka 1990, Marijani Rajab mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010, Muhidini Gurumo mwaka 2014. Kila msiba uliirudisha mikanda ya zamani hewani kwa siku chache.

Kijana wa leo wa Mbeya ana njia nyingine. Mwimbaji Rayvanny, mtoto wa Mbeya, alishinda tuzo ya BET mwaka 2017, na kila alichofanya kimeshapigwa picha. Ni heri kwake. Lakini barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya ilikuwa na muziki wake kabla ya simu za mkononi, na wanaoukumbuka wanazeeka.

Iringa ina makumbusho mawili ya kujivunia. Kalenga kumehifadhiwa fuvu la Chifu Mkwawa, lililorejeshwa mwaka 1954, na katikati ya mji jengo la Boma la enzi za Wajerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Boma hilo ndilo mahali panapofaa kuwekwa habari za Tancut Almasi: picha za jukwaani, nyimbo zenyewe za kusikiliza, na orodha ya kila aliyepiga, pamoja na mpiga besi na mpiga tarumbeta ambao majina yao hayakutangazwa redioni. Waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda na waliokuwa wakilipa kiingilio bado wanaweza kuulizwa, na kazi hiyo inaweza kuanza mwaka huu.