Walimu wa UPE: Mafunzo ya Ualimu Ndani ya Darasa

Kabla ya mwaka 1974, mwalimu wa shule ya msingi Tanzania aliandaliwa chuoni, na darasani alipelekwa kwa vipindi tu. Vyuo vingi vilikuwa na shule ya mazoezi jirani, na hadi leo shule kadhaa nchini bado huitwa Mazoezi. Mwanachuo aliingia pale na andalio la somo mkononi na zana alizochora mwenyewe, akafundisha huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akiandika, kisha akaitwa pembeni kuelezwa alipokosea. Kosa lake halikuwagharimu watoto sana, kwa kuwa darasa lilikuwa na mwalimu wake.

Utaratibu huo ulizidiwa na uamuzi mmoja wa kisiasa. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma ikaazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Mpango huu ulijulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, UPE (Universal Primary Education, yaani elimu ya msingi kwa wote). Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, hivyo watoto waliokuwa wametawanyika porini wakawa karibu na shule, au na mahali ambapo shule ilitakiwa ijengwe. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974, walivuka milioni 3 kufikia 1980. Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kamwe kutoa walimu wa kutosha kwa umati huo ndani ya miaka mitatu.

Jibu lilikuwa kukigeuza kijiji kuwa chuo. Kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa kufundisha huku wakisomea ualimu palepale shuleni. Asubuhi walifundisha, mchana walikaa pamoja wakisoma chini ya mwalimu mwenye uzoefu aliyeteuliwa kuwasimamia. Masomo mengine waliyapata kwa njia ya posta na kwa vipindi vya redio, na wakufunzi wa kuzunguka waliwatembelea shuleni. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, yakaishia kwa wiki sita za kukaa chuoni na mtihani, na aliyefaulu alitunukiwa cheti cha ualimu daraja la IIIC. Zaidi ya vijana 40,000 waliandikishwa, na wengi wao walimaliza.

Kwenye karatasi, mpango ulikuwa na mantiki nzuri: nadharia ya mchana ingejaribiwa asubuhi ya kesho yake, na kijana angefundisha watoto wa mazingira anayoyajua. Ugumu ulikuwa katika aina ya darasa alilokabidhiwa. Wengi walipewa madarasa ya chini, ambako ndiko watoto walikofurika, na kumfundisha mtoto kusoma na kuandika kwa mara ya kwanza ni kazi ngumu kuliko zote katika shule ya msingi. Kazi hiyo ilimwangukia mtu aliyekuwa na ujuzi mdogo kuliko wote shuleni. Pembeni hapakuwa na mwenye darasa wa kurekebisha makosa, maana mwenye darasa alikuwa yeye. Madawati hayakutosha, vitabu viligawanwa, na masomo mengine yalifanyika chini ya mwembe. Redio na betri zake hazikupatikana kirahisi vijijini, na mwalimu msimamizi mwenyewe alikuwa na vipindi vyake vya kufundisha.

Mitaani watu walizigeuza herufi za UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Kejeli hiyo iliwaonea vijana hao, kwani hawakujichagulia urefu wa mafunzo wala upungufu wa vitabu. Bila wao, vijiji vingi visingekuwa na darasa la kwanza mwaka 1977. Hata hivyo, malalamiko kuhusu ubora yalikuwa na msingi: mpango uliomtegemea msimamizi kwa kila kitu uliwapa wasimamizi muda mchache na nyenzo chache.

Baadaye mkazo ulirudi vyuoni na kwa wahitimu wa kidato cha nne, waliosomea daraja la IIIA, na walimu wengi wa madaraja ya chini wakajiendeleza wakiwa kazini. Lakini uhaba ulijirudia. Ada ya shule ya msingi ilipoondolewa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, madarasa yalifurika tena. Safari hii mafunzo ya miaka miwili yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni, mwanachuo akifundisha chini ya uangalizi. Alianza akiwa na elimu kubwa kuliko kijana wa 1976 na mwaka mzima wa nadharia nyuma yake. Lakini shule nyingi zilizompokea zilikuwa na pengo la mwalimu, kwa hiyo naye mara nyingi alikabidhiwa ratiba kamili tangu alipofika.