Alama ya Biashara Inapovuka Mpaka: Kwa Nini Tanzania Ijiunge na Mfumo wa Madrid

Haki ya alama ya biashara hukoma pale mamlaka ya nchi iliyoisajili yanapokoma. Alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haina nguvu Nairobi wala Lubumbashi. Haina nguvu hata Unguja, kwa kuwa Tanzania Bara hufuata Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inayosimamiwa na ofisi ya usajili ya Bara, BRELA, ilhali Zanzibar ina Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2008 na ofisi yake yenyewe, BPRA. Makala haya yanadai kwamba mipaka hiyo humwumiza zaidi mzalishaji mdogo, na kwamba Tanzania haina sababu ya kutosha ya kuendelea kukaa nje ya Mfumo wa Madrid, unaoruhusu ombi moja la alama kufika nchi nyingi.

Tuitazame Buguruni, wilayani Ilala. Barabara ya Mandela inayobeba malori ya bandarini inapita hapo, na Kariakoo haiko mbali kwa daladala. Mtu anayesaga viungo au kufungasha karanga uani kwake Malapa au Mnyamani hahitaji leseni ya kuuza nje ili bidhaa yake itoke nchini. Anaiuza kwa jumla Kariakoo. Mnunuzi kutoka Congo, Zambia au Comoro anaichanganya na mzigo wake, nayo inapita Tunduma au inapakiwa jahazini bila mwenyewe kuwa na habari. Jina likishazoeleka huko, yeyote anaweza kwenda kuliombea usajili. Mzalishaji ndiye atakayebeba mzigo wa kwenda kupinga, katika nchi ya watu, kwa wakili wa huko, na pengine kwa Kifaransa.

Wengi wanaamini wameshajilinda. Wana cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wana nembo ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS), wana msimbo wa mistari unaoanza na 620. Vyote hivyo vina kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kinachompa mtu haki ya pekee juu ya alama iliyo kwenye pakiti. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Haki ya alama huombwa kivyake, kwa daraja la bidhaa au huduma kati ya madaraja 45 ya mfumo wa kimataifa wa Nice, kisha ombi hutangazwa katika jarida la Msajili na kuachwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usajili wa Bara hudumu miaka 7, halafu huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Njia za kutoka nje ya nchi zipo, ila zimekatikakatika. Mkataba wa Paris, ambao nchi yetu imo tangu 1963, humpa mwombaji miezi sita ya kipaumbele: akiomba nchi nyingine ndani ya muda huo, tarehe yake ya kwanza huheshimiwa. Hiyo ni haki nzuri, lakini haipunguzi ada wala idadi ya mawakili. Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, chini ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda lenye makao Harare, inaruhusu ombi moja kwa nchi kadhaa. Tanzania ni mwanachama wake, lakini sheria ya Bara haikurekebishwa ili kuipa nguvu, na kwetu mkataba hauwi sheria ya kutumika mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza. Tena Kenya, soko letu la jirani, haimo Banjul. Comoro nayo imo OAPI, shirika jingine la kanda la miliki ubunifu lenye makao Yaoundé, ambako usajili mmoja hufunika nchi zote 17 wanachama.

Ndiyo maana Madrid ina uzito. Kenya, Rwanda, Zambia, Malawi na Msumbiji, zote zinazopakana nasi, zimo. Kenya imo tangu 1998. Ombi moja hupitia ofisi ya nyumbani, hupelekwa Geneva kwenye Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, na kila nchi iliyotajwa huamua kwa sheria yake. Ada ya msingi kwa alama isiyo na rangi ni faranga 653 za Uswisi, lakini mwombaji anayetoka nchi iliyo katika kundi la zile zenye maendeleo duni zaidi hulipa asilimia 10 tu: faranga 65. Ada za nchi zinazotajwa huongezwa juu yake. Tanzania imo katika kundi hilo, na hakuna nchi inayokusudia kubaki humo milele. Kwa sasa punguzo hilo ni letu kwa sifa, ila hatuwezi kulidai tukiwa nje.

Wapinzani wana hoja inayostahili jibu. Wanasema Madrid italeta wimbi la alama za kigeni katika daftari letu, na mawakili wa hapa watapoteza kazi. Ni kweli kwamba katika nchi za Afrika zilizojiunga, alama zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka. Lakini kampuni kubwa za nje zinasajili Tanzania hata leo, maana gharama ya wakili haizisumbui. Ukuta uliopo unamzuia mtu wa Buguruni peke yake. Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya utegemezi: alama ya nyumbani ikifutwa ndani ya miaka 5 ya kwanza, usajili wa kimataifa huanguka nayo. Hiyo inadai uchunguzi makini wa maombi hapa nyumbani. Na kwa kuwa majina yetu yanaweza kuombewa usajili ng'ambo, tunahitaji pia watu wanaosoma majarida ya wengine. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno “Kikoy”, yaani kikoi chetu, ombi liliishia kuondolewa kwa sababu watetezi wa Kenya na wenzao wa Uingereza waliliona na kulipinga.

Wizara ya Viwanda na Biashara ipeleke bungeni marekebisho yatakayoipa Banjul nguvu ya kisheria na kuiingiza nchi Madrid, kwa makubaliano na Zanzibar ili ombi moja litoshe pande zote mbili za Muungano. Mzalishaji naye asisubiri Bunge: aombe alama yake BRELA na BPRA sasa, na kama bidhaa inanunuliwa na watu wa Lubumbashi au Moroni, aombe na huko kabla miezi sita haijaisha.