Difu na tope la Nyanda za Juu: Historia inayomfaa mnunuzi wa gari dogo

Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia. Haikuchukua muda Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikabaki haina njia. Njia iliyookoa jahazi ilipita kwetu. Malori yaliyosheheni mapipa ya mafuta yalitoka Dar es Salaam, yakapanda Kitonga, yakapita Iringa na Mafinga, yakashika Mbeya hadi mpakani Tunduma. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat kutoka Italia yakawa sura ya kila siku barabarani. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo, na mvua iliponyesha iligeuka uji. Madereva wakaiita Barabara ya Jehanamu.

Kila aliyewahi kusukuma gari Mufindi anaijua adha yao. Tairi moja la nyuma limezama kwenye tope, linazunguka mbio na kurusha udongo mwekundu hadi kwenye bodi. La pili limekaa juu ya udongo mkavu, limetulia tuli. Injini ina nguvu tele, lakini gari halitoki. Anayeamua hivyo ni difu.

Difu ina kazi ya maana. Gari likikata kona, tairi la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani, hivyo lazima kila moja liwe na mwendo wake. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni kifaa cha kufanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, na Karl Benz akakitumia kwenye gari lake la magurudumu matatu la mwaka 1885. Kasoro yake ni kwamba hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi lililo kwenye utelezi likishindwa kubeba nguvu, lenzake nalo hupata kiasi hichohicho kidogo.

Dawa ya kwanza ilikuwa difu loki, yaani kuyafunga matairi mawili yazunguke kama kitu kimoja. Kwenye trekta za Massey Ferguson 135 zilizowekewa difu loki, mkulima aliibana kwa kisigino cha mguu wa kulia, akaiachia alipotoka topeni. Dawa hiyo inafaa kwa mwendo wa pole na mzigo mzito, na ndiyo maana magari ya kubeba magogo yanaihitaji hadi leo. Kwenye lami kavu ni hatari: kona inakuwa nzito, matairi yanalika na shafti inaweza kukatika. Land Rover za zamani nazo, pamoja na sifa zao zote, zilitoka kiwandani na difu za kawaida mbele na nyuma. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakipoteza mshiko kwa pamoja, gari lilisimama hata kama limetiwa fo wili.

Difu ya LSD, inayozuia tairi moja kukimbia peke yake, haikuzaliwa topeni bali kwenye mashindano. Gari la mbio la Auto Union lililosanifiwa na Ferdinand Porsche lilikuwa na nguvu nyingi mno, tairi moja la nyuma likawa linazunguka bure hata katika mwendo mkubwa. Mwaka 1935 Porsche akaiomba kampuni ya ZF ya Ujerumani itafute ufumbuzi. Mwaka 1956 Packard ya Marekani ikauza magari ya kawaida yenye difu ya sahani za klachi, zinazobanana na kuzuia matairi yasitofautiane sana. Mwaka 1958 Mmarekani Vernon Gleasman akapata hataza ya difu ya gia tupu, isiyo na sahani, ambayo leo inaitwa Torsen. Audi ikaipatia umaarufu miaka ya 1980. Ipo pia aina ya mnato, inayotumia sahani zilizozama kwenye majimaji ya silikoni.

Huku kwetu, bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968 na kuondoa mapipa barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ya barabara ya TANZAM ikafika, kisha reli ya TAZARA. Lakini lami haikuingia vijijini. Ukikata kushoto au kulia kutoka Mafinga, tope lipo palepale, isipokuwa safari hii wanaolikabili ni wenye Probox, RAV4, Forester na Kirikuu kutoka Japani.

Hapo ndipo historia inapomsaidia mnunuzi. Difu ya sahani huvuta hata tairi moja likiwa hewani, lakini sahani hulika na hutaka oili maalumu. Kibandiko cha LSD kwenye difu kisipuuzwe. Torsen hudumu sana, ila tairi likinyanyuka kabisa haina pa kuanzia, mpaka dereva aguse breki kidogo. Ya mnato, iliyomo kwenye Subaru nyingi, ni laini na huchelewa kushika, na ikizeeka hupoteza nguvu. Kwa gari la kuvuta mbele kama Probox nyingi, ya gia ndiyo salama zaidi, kwa sababu ile ya sahani huvuta usukani. Lakini difu ya gari hilo imo ndani ya gia boksi, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi kubwa na ya gharama.

Kwa gari la kuvuta nyuma, mpe fundi nafasi ya kupima kabla hujalipa. Anyanyue matairi yote mawili ya nyuma, gia iwe huru, kisha azungushe moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, kwa kawaida hiyo ni difu ya kawaida, au ni LSD ya sahani zilizokwisha. Likifuata upande uleule, sahani bado zinashika.

Jambo moja nalisisitiza. Kwenye barabara ya udongo iliyoinama, LSD inaweza kuyafanya matairi yote mawili yateleze kwa pamoja na kuutupa mkia wa gari mtaroni. Tena tairi jipya moja na kuukuu moja huifanya ifanye kazi bila kupumzika hata kwenye lami. Kwa hiyo mwenye gari dogo wa Mafinga aanze na matairi manne mazuri yanayolingana. Kama safari zake nyingi ni za lami ya kwenda Iringa, difu ya kawaida inamtosha. Kama kila masika anapakia mbao au mahindi kutoka vijijini, atafute gari lililotoka kiwandani na LSD, kwa sababu kuiongeza baadaye kutamgharimu zaidi.