Kongé ya Ulaya na blanketi la kambi

Shule za Lubumbashi hufungwa mwanzoni mwa Julai, na watoto huingia likizo kuu wakati kipupwe kimeukamata mji. Anayeijua Kongo kwa jasho la Kinshasa haamini anapoambiwa abebe sweta. Lakini uwanda huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kiangazi chake hakina mawingu ya kulizuia joto la mchana lisipotee. Usiku wa Juni na Julai kipimo hushuka chini ya nyuzi 10, na alfajiri utaona mbabula za makala zimewashwa nyuani. Baridi hiyo ina historia yake, nayo imeandikwa zaidi katika mikataba ya kazi kuliko katika vitabu vya hali ya hewa. Tangu mji huu uanzishwe mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, jambo lililowatenganisha watu mbele ya baridi ni hili: nani analipiwa maandalizi yeye na familia yake, na nani anaambiwa ajipange mwenyewe.

Kwa watawala wa mwanzo, baridi ilikuwa sifa ya kuuzia nchi. Katanga, eneo la mji huu, ilisemwa kuwa na hewa ya kumfaa Mzungu, mahali ambapo mke na watoto wangeweza kuishi bila kuogopa homa za bonde la mto Kongo. Jaribio la kuleta wakulima wa Kibelgiji, kuanzia 1911, halikufika mbali, na kwa kweli wenyewe waliokuwa wakiisifu hewa hiyo hawakuiamini sana. Mtumishi wa Kizungu, wa serikali au wa kampuni ya migodi ya Union Minière, kwa kawaida alifanya kazi miaka 3, kisha akapewa kongé ya miezi 6 akajitibu uchovu wa Afrika kwa hewa ya Ubelgiji. Safari hiyo ilipangwa kwa hesabu nzito. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, kwa hiyo familia ilipanda treni zaidi ya kilomita 3,500 hadi Cape Town, ndipo ikatafuta meli. Mwaka 1928 ikafunguka reli ya Port-Francqui, iliyowaunganisha na boti za mto hadi Léopoldville. Mwaka 1931 ikafunguka njia ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Kisha kulikuwa na hesabu ya majira, maana kipupwe cha Katanga ndicho kiangazi cha Ulaya. Aliyeondoka Juni alikimbia baridi ndogo akakuta jua. Aliyeondoka Oktoba, joto la hapa likiwa kileleni, aliwapeleka watoto waliozaliwa Katanga moja kwa moja kwenye theluji. Makoti yalitafutwa mapema. Mwajiri alijua kwamba mwili uliozoea hewa moja hautupwi katika nyingine bila nguo, chakula na muda wa kupumzika.

Ujuzi huo haukuvuka barabara kwenda kwenye kambi za wafanyakazi Waafrika. Bourse du Travail du Katanga, iliyoundwa mwaka huo huo wa 1910 kukusanya wafanyakazi, iliwaleta vijana kutoka mabonde ya Luapula na Lomami, ambako usiku una joto kuliko Lubumbashi, wakawekwa katika vibanda vilivyosongamana, mbali na wake na mama zao. Mkataba ulikuwa wa miezi michache. Kichomi, taifodi na kuhara damu viliwaua kwa wingi, na mafua makuu ya 1918 yakaongeza makaburi.

Mtu anaweza kupinga kwamba baridi haileti kichomi. Kichomi huletwa na vijidudu. Ni kweli. Ila vijidudu hustawi pale watu wanapolala wakibanana kibandani kwa sababu nje hakukaliki, wakiwa na njaa na uchovu wa shimoni. Mwingine atasema wafanyakazi walioletwa kutoka Rwanda na Urundi katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 walitoka kwenye milima mirefu kuliko uwanda wetu, kwa hiyo hawakuwa wageni wa baridi. Pingamizi hili lina uzito zaidi, na kwangu ndilo linaloithibitisha hoja. Mtu wa mlimani aliishinda baridi kwa moto wa nyumbani, chakula alichokizoea na watu wake. Ukimwondolea hivyo vitatu, mlima aliozaliwa haumsaidii kitu. Wapo pia watetezi wanaodai kwamba kampuni haikujua. Mwaka 1923 madaktari Pearson na Mouchet walichapisha kitabu kizima juu ya afya ya kambi, kikitokana na miaka 18 ya kwanza ya kazi ya Wazungu Katanga. Ilijulikana, tena kwa maandishi.

Kilichobadilisha mambo ni gharama. Kumtafuta kijana, kumsafirisha, kumfundisha kisha kumzika kulikuwa hasara, na ng'ambo ya mpaka migodi ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa inaanza kuwahitaji watu hao hao. Ndipo kuanzia 1928 Union Minière ikashika mkataba wa miaka 3 na kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao. Zikaja nyumba za matofali, posho ya familia, zahanati za akina mama na watoto. Miaka 3, muda ule ule wa Mbelgiji! Tofauti ni kwamba mwisho wake mmoja alingojewa na meli, na mwingine alingojewa na mkataba mpya. Sikatai kwamba vifo vilipungua, wala kwamba wazee wengi waliiita kampuni baba na mama bila kejeli. Lakini mzazi anayekumbuka kumfunika mtoto baada ya kupiga hesabu ya bei ya maziko hastahili shukrani isiyo na maswali.

Gécamines, iliyorithi migodi baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, ilirithi pia posho, shule na hospitali. Ilipoanguka katika miaka ya 1990, mfumo mzima wa kulindwa ulianguka nayo, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la kuondoka kwa hiari. Tangu hapo, katika nyumba nyingi, makala ya Julai hununuliwa kwa kile kilichopatikana siku hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya kwa miaka kumbukumbu za familia hizo, ila karatasi nyingi bado zimelala majumbani. Kama babu aliacha mkataba wa miaka 3 au kitabu cha kazi ndani ya sanduku, tafadhali kisiwashiwe mbabula kipupwe hiki.