Fizikia ya Mpemba: swali la mwanafunzi lililozunguka dunia

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, kwenye milima ya Usambara nchini Tanganyika, wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka ndani ya frigo. Nafasi ilikuwa ndogo na vijana walikuwa wengi, kwa hiyo kila mmoja aliwahi ili asikose chombo cha kugandishia.

Siku moja kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa bado anachemsha maziwa yake alipomwona mwenzake anakimbilia frigo na maziwa ambayo hata hayakuchemshwa. Mpemba aliona kwamba akingoja yake yapoe, nafasi ya mwisho itachukuliwa. Akayaingiza yakiwa ya moto, ingawa alijua anaweza kuharibu frigo. Baada ya muda wa saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Mwalimu akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba bila shaka kijana amechanganyikiwa. Mpemba akanyamaza na kuamini kwamba kweli amekosea. Mwalimu huyo naye asilaumiwe kupita kiasi. Kitabu kinasema kitu cha moto lazima kwanza kipoe mpaka kifikie joto la kile cha baridi, na safari ndefu huchukua muda zaidi kuliko safari fupi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu hivyo.

Lakini wakati wa likizo, mjini Tanga, Mpemba alikutana na rafiki aliyeuza aiskrimu. Huyo alimweleza kwamba yeye huingiza maziwa ya moto makusudi ili yagande upesi. Wachuuzi wa Tanga hawakumsoma Newton. Walitaka biashara iende, basi.

Mpemba alifaulu, akapelekwa shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofika somo la joto na kanuni ya Newton ya kupoa, aliinua mkono tena na kuuliza swali lile lile. Mwalimu mpya naye alikataa, na Mpemba aliposisitiza, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likaishika ile mizaha. Kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo nayo ni hesabu ya Mpemba. Hapo wengi wangeliacha swali lao, na kwa kweli wengi wameacha ya kwao kwa kuchekwa kidogo kuliko hapo.

Yeye alingoja alasiri moja maabara ya biolojia ilipokuwa wazi. Akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akaviweka vyote mahali pa kugandishia. Baada ya saa moja hakuna chombo kilichoganda chote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile cha maji ya moto. Sasa alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake mara ya pili, na safari hii kwa maji matupu, bila sukari wala maziwa.

Baadaye Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alitembelea Mkwawa na kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza. Wenzake waliona aibu, na baadaye wakamlaumu kwamba ameifedhehesha shule mbele ya mgeni. Osborne alitabasamu, akaomba swali lirudiwe, kisha akataka kujua kama kijana amejaribu mwenyewe. Aliposikia ndiyo, hakujifanya anajua. Alikiri kwamba hana jibu, akaahidi kulijaribu jambo hilo akirudi chuoni.

Ahadi aliitimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Hata matokeo yakiwa mezani, kitabu kilikuwa bado na nguvu kuliko macho. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha kazi yao pamoja katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa tayari anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo kilicho karibu na Moshi, na njia hiyo ndiyo aliyoifuata kikazi.

Mpemba hakuwa na maonyesho ya sayansi ya kwenda. Alitegemea bahati ya mgeni mmoja mwenye subira. Marekani ilikuwa na mashindano ya wanafunzi ya nchi nzima tangu mwaka 1950. Mwaka 1963, ule ule wa aiskrimu ya Magamba, wanafizikia wawili wa Dublin, Tom Burke na Tony Scott, walianza kulipeleka wazo hilo Ireland baada ya kuliona New Mexico. Maonyesho yao ya kwanza yalifanyika mwaka 1965. Mpangilio ni rahisi: mwanafunzi anasimama karibu na meza yake, na mwamuzi anapita akiuliza ulifanya nini, ulipima vipi, ulirudia mara ngapi. Ni maswali ya Osborne, isipokuwa sasa yamepangiwa siku na ukumbi.

Mwaka 1999 msichana wa Ireland, Sarah Flannery, alishinda kwa njia aliyoibuni ya kuficha ujumbe kwa hesabu. Baadaye ilionekana kwamba njia hiyo inaweza kuvunjwa, na yeye mwenyewe akaeleza udhaifu wake kwa maandishi. Hakuna aliyemnyang'anya tuzo.

Mfumo huo wa Ireland ulifika Tanzania mwaka 2011, Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walipoanzisha Young Scientists Tanzania. Washindi wamepata hata ufadhili wa kusoma chuo kikuu. Ulikuwa umepita karibu nusu karne tangu Mpemba achekwe darasani.

Mashariki mwa Kongo hali ni nyingine. Shule zimefungwa na vita, nyingine zimegeuka malazi ya waliokimbia, na mwanafunzi aliyepoteza miezi hufikiria kwanza mtihani wa serikali, ile exetat, ambayo hutaka jibu linalojulikana tayari. Frigo katika kambi ni ndoto. Lakini kati ya mawe matatu na jiko la udongo, ni lipi linachemsha maji kwa kuni chache? Saa, chungu kimoja na kuni zilizohesabiwa vinatosha kuanza, na mama anayebeba kuni hizo ana haja ya jibu kuliko mwamuzi yeyote.

Swali la Mpemba lenyewe halijafungwa. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora zaidi, na majibu yapata 22,000 yakafika. Mwaka 2016 watafiti wawili walichapisha kwamba walipima kwa uangalifu bila kuliona jambo hilo, na wakaonya kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kwa sentimita moja tu kinaweza kumdanganya mpimaji. Mwaka 2020 wengine wawili, nchini Kanada, waliliona waziwazi. Wao hawakutumia maji yanayoganda, walitumia punje ndogo sana zinazoelea. Wote hao, waliolikubali na waliolikataa, wameliita kwa jina moja: tukio la Mpemba.