Mumiani Alivyogeuka Mnyonyaji

Mnadani Same, mfugaji hukunjua sikio la ng'ombe akamtafuta kupe. Humkuta amenata, wa kijivu, amevimba kama haragwe lililolowekwa usiku kucha. Akimng'oa na kumponda kwa kisigino, damu inayotoka si ya kupe, ni ya ng'ombe. Mtoto aliyekulia tambarare hii hahitaji kusimuliwa mnyonya damu ni kiumbe gani.

Ulaya walimpa sura nyingine. Mwaka 1819 John Polidori alichapisha hadithi ya bwana mkubwa anayenyonya damu, na mwaka 1897 Bram Stoker akatoa riwaya yake ya Dracula, mwenye ngome na jeneza. Hao hunywa kwa kiu yao wenyewe.

Wa kwetu ni mumiani, naye hanywi. Huikusanya damu ikauzwe. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na kwanza lilikuwa jina la dawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaieleza kuwa kitu cheusi mfano wa gundi, kilichotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika. Inaongeza kuwa wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyoganda, na uvumi ukizuka watu hawatoki nje jua likishatua.

Enzi za ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki nzima. Nairobi na Kampala walioogopwa ni wazimamoto. Kwingineko waliitwa chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Hakuyacheka. Ndani yake alisikia watu wakizungumzia sindano, magari na kazi za wakoloni ambazo hakuna aliyewaeleza maana yake. Walikuwa wakiuliza: kinachotoka kwetu kinakwenda kwa nani?

Upare waliliuliza swali hilo mchana kweupe. Miaka ya 1940 serikali ilichukua mbiru, jina la tozo ya jadi, ikalibandika kwenye kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakukataa kodi, walikataa makadirio. Baadaye wanawake nao waliingia katika mapambano, na mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliiandika historia hiyo katika kitabu cha mwaka 1971, nasi Watanzania tunapaswa kuijua kama tunavyoijua Majimaji.

Uhuru ulipopatikana, mnyonya damu alihamia kwenye siasa na ushairi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kurasa za mashairi magazetini zilijaa kupe, mirija na wanyonyaji. Mathias Mnyampala aliziandika ngonjera zake ili siasa ya ujamaa ifike hadi mashuleni. Kitenzi kilichobeba mzigo huo ni kunyonya, kile kile cha mtoto mchanga kifuani pa mama yake. Ndiyo maana kilichoma: kilimtaja mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyekataa kuachishwa ziwa.

Lakini neno kali huumiza pia asiyestahili. Wakati mwingine watu walibandikwa jina la kupe kwa asili yao, hasa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, bila kuulizwa walichokifanya. Hapo ushairi wa haki ulirudi kuwa uvumi wa mumiani, ule wa kumwogopa mtu kwa gari lake au sare yake.

Mfugaji wa Same hupekua sikio kwanza, ndipo ang'oe. Wapare wa 1945 nao walipekua hivyo: waliitazama mbiru hesabu kwa hesabu, wakaonyesha dhuluma ilipong'ang'ania, kisha wakakaa pale hadharani wakisubiri jibu.