"Asiyefaulu Hachezi": Historia ya Kigezo cha Alama 70 katika Michezo ya Shule za Texas, 1984–1995

Utangulizi

Katika ukanda wetu, mabishano kuhusu nani anastahili kuichezea shule yake yamejikita zaidi katika umri na uandikishaji: mchezaji ana miaka mingapi, na je, ni mwanafunzi halisi wa shule anayoiwakilisha? Swali la kama amefaulu darasani huulizwa kwa nadra. Linapoulizwa, mfano wa Marekani hutajwa upesi, kana kwamba huko jambo hili lilikwisha kuamuliwa na matokeo yake kuthibitishwa. Makala hii inauchunguza mfano huo katika jimbo la Texas, ambako kigezo cha kitaaluma kilipewa nguvu ya sheria mwaka 1984 na kupata sura kali kuliko sehemu nyingi za nchi hiyo.

Hoja yangu ni kwamba kanuni hiyo ilitungwa kabla ya jimbo kuwa na hesabu ya kuaminika ya wanafunzi walioacha shule, na kwa sababu hiyo madai mengi kuhusu mafanikio au madhara yake hayana msingi wa kulinganishia. Aidha, kanuni iliyokusudiwa kumpima mwanafunzi iliishia, katika utekelezaji wake, kulipima daftari la alama la mwalimu.

Texas si ngeni kabisa kwa historia ya michezo ya Afrika Mashariki. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Hata hivyo, tunachokifahamu sisi ni mfumo wa vyuo vikuu na ufadhili wake. Shule za sekondari, zinazowalea wachezaji wengi zaidi na ambazo wengi wao hawafiki chuoni kwa njia ya michezo, hatujazitazama sana.

Chimbuko la sheria

Mashindano ya shule za umma za Texas yalikuwa chini ya University Interscholastic League, chombo kilichoanzishwa na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin mwanzoni mwa karne ya 20. Shule za Weusi hazikuruhusiwa humo. Zilikuwa na ligi yake, Prairie View Interscholastic League, hadi vyombo hivyo viwili vilipounganishwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa sheria ya 1984 ilizungumza lugha ya usawa kwa shule zote ilhali ligi moja ya wote ilikuwa na umri wa takriban miaka kumi na mitano tu.

Mwaka 1983 tume ya taifa ilitoa ripoti iliyoonya kwamba elimu ya Marekani ilikuwa hatarini. Mwaka huohuo Gavana Mark White wa Texas aliunda kamati ya kuchunguza elimu ya umma na kumteua mfanyabiashara Ross Perot kuwa mwenyekiti. White alikuwa amewaahidi walimu nyongeza ya mshahara. Perot alizunguka jimboni akiuliza fedha za walipa kodi zinanunua nini, na jibu alilolitoa hadharani liliwaudhi wengi: zinanunua viwanja, bendi, na siku za masomo zinazopotea kwa safari za mashindano na maonyesho ya mifugo. Kwa jimbo ambako mechi ya futiboli ya Kimarekani usiku wa Ijumaa ilikuwa mkutano mkuu wa mji mzima, maneno hayo yalikuwa sawa na kuugusa msikiti au kanisa.

Mswada uliopitishwa katika kikao maalumu cha bunge la jimbo katikati ya mwaka 1984, unaojulikana kama House Bill 72, ulikuwa na mambo mengi: mishahara ya walimu, mtihani wa kupima umahiri wao, ukomo wa wanafunzi 22 kwa darasa katika madarasa ya chini, na mgawanyo mpya wa fedha baina ya wilaya tajiri na maskini. Katikati ya hayo kulikuwa na kifungu kifupi kilichokuja kujulikana kuliko vingine vyote. Mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 kati ya 100 katika somo lolote, kwa kipindi cha wiki sita, alizuiwa kushiriki shughuli zote za ziada kwa wiki sita zilizofuata. Wanahabari walikiita kwa maneno manne yenye maana ya "asiyefaulu hachezi".

Neno la kuzingatiwa hapa ni "lolote". Katika jimbo la West Virginia, ambako mahakama ya juu iliidhinisha kanuni ya namna hii mwaka huohuo wa 1984, kigezo kilikuwa wastani wa 2.0 katika mizani ya 4.0. Wastani humruhusu mwanafunzi kufidia udhaifu wa somo moja kwa uwezo wake katika jingine. Texas haikutoa fidia: aliyepata 95 katika historia na 69 katika aljebra alikaa nje sawa na aliyefeli yote. Watunzi wenyewe walitambua hatari iliyomo, yaani kwamba mwanafunzi mwenye busara angeyakimbia masomo magumu, ndiyo maana waliwapa wakuu wa shule uwezo wa kusamehe alama mbaya katika madarasa ya kiwango cha juu. Kwa maoni yangu, msamaha huo unaeleza mengi kuhusu sheria hii kuliko utangulizi wake wote. Ulimlinda aliyejaribu kupanda ngazi ya juu. Aliyehangaika katika aljebra ya kawaida hakulindwa.

Mahakama na sanduku la kura

Kifungu kilianza kutumika Januari 1985. Katika ratiba ya futiboli, ambayo msimu wake wa kawaida ni kama mechi kumi kuanzia Septemba, wiki sita zilimaanisha kwamba aliyefeli katika kipindi cha kwanza aliukosa karibu msimu wote uliosalia. Wazazi wa eneo la Houston walikwenda mahakamani wakidai kwamba sheria inawabagua watoto wao, na hoja yao mojawapo ilikuwa ule msamaha wa madarasa ya juu. Mahakama ya chini iliwapa zuio la muda. Mahakama Kuu ya Texas ililitengua mwaka 1985, ikisema kwamba kushiriki shughuli za ziada si haki ya msingi ya kikatiba, na kwamba inatosha sheria iwe na uhusiano wa kimantiki na lengo halali, yaani kuinua kiwango cha masomo.

Uamuzi huo ulifunga mlango wa kikatiba. Wa kisiasa ulibaki wazi. Mwaka 1986 White alishindwa na Bill Clements, mtu yuleyule aliyekuwa amemwondoa madarakani miaka minne kabla. Masimulizi maarufu huwapa makocha sifa ya kumwangusha. Nadhani yanawapa makocha zaidi ya wanachostahili. Uchumi wa mafuta ulikuwa umeporomoka, kodi zilikuwa zimepandishwa, na walimu, ambao ndio waliokuwa ngome yake, walikuwa wamelazimishwa kufanya mtihani wa umahiri mwezi Machi mwaka huohuo.

Daftari la mwalimu: Dallas, 1988

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi jinsi kanuni ilivyofanya kazi ni la shule ya sekondari ya David W. Carter ya Dallas, iliyokuwa na wanafunzi wengi Weusi na timu yenye vipaji vya hali ya juu. Msimu wa 1988 mchezaji mmoja wa timu hiyo alidaiwa kufeli aljebra. Shule ilikuwa katika mpango wa wilaya wa kuboresha ufaulu, uliokuwa na utaratibu wake wa kugawa uzito wa mazoezi, majaribio na ushiriki darasani. Hesabu moja ilimweka mchezaji chini ya 70, nyingine juu yake. Sheria haikusema lolote kuhusu ipi ndiyo sahihi.

Alama hiyo moja ilipita mikononi mwa mwalimu, mkuu wa shule, maafisa wa wilaya, maafisa wa elimu wa jimbo na hatimaye majaji, huku mechi za mtoano zikiendelea kuchezwa chini ya ulinzi wa amri za mahakama. Carter waliwafunga Permian ya Odessa 14–9 katika nusu fainali, wakatwaa ubingwa wa jimbo mwezi Desemba. Baadaye shauri liliwageuka, taji likaondolewa na kupewa Converse Judson, waliofungwa katika fainali. Wazazi wengi wa Carter waliamini kwamba shule yao ilichunguzwa kwa darubini isiyoelekezwa kwa shule za Wazungu, na kwa historia ya ligi niliyoieleza hapo juu, imani hiyo haikuzuka hewani.

Kwa mtafiti wa sera, swali si nani alikuwa mkweli. Swali ni kwamba jimbo lilikuwa limeifunga thamani kubwa ya umma kwenye namba inayozalishwa na mtu mmoja darasani, kwa kanuni za ukokotoaji zilizotofautiana kati ya wilaya na wilaya, bila kumpa mtu huyo kinga yoyote dhidi ya shinikizo. Mwalimu aliyeandika 69 hakuwa tena anatathmini tu; alikuwa anaamua nani atacheza Ijumaa.

Hesabu iliyochelewa

Wapinzani wa sheria walidai tangu mwanzo kwamba wapo vijana wanaobaki shuleni kwa ajili ya mchezo au bendi peke yake, na kwamba ukiwaondolea hilo wataondoka. Watetezi walijibu kwamba ufaulu unapanda. Kila upande ulikuwa na mifano yake. Lakini utafiti wa kwanza wa kina wa jimbo zima kuhusu wanafunzi wanaoacha shule ulifanywa mwaka 1986 na Intercultural Development Research Association ya San Antonio, nao ulikadiria kwamba asilimia 33 ya wanafunzi walikuwa wakipotea kabla ya kuhitimu sekondari. Mwaka 1987 ndipo bunge lilipoitaka idara ya elimu ianze kuwahesabu kwa utaratibu. Kanuni ilikuwa na miaka miwili na zaidi. Hatuna namba ya kabla ya kuilinganisha na ya baada. Ufaulu uliopanda nao hauwezi kutenganishwa na mambo mengine matatu yanayotoa matokeo yaleyale: kuchagua masomo mepesi, wepesi wa mwalimu kutoa alama, na vipengele vingine vya House Bill 72 vilivyoanza pamoja nayo.

Marekebisho yalikuja mwaka 1995, bunge lilipoiandika upya sheria ya elimu wakati George W. Bush akiwa gavana. Aliyezuiwa aliweza sasa kurejea baada ya wiki tatu iwapo alikuwa anafaulu masomo yote, na aliruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake wakati wa adhabu. Kipengele hiki cha pili hakikuzungumzwa sana, nacho ndicho kilichobadilisha maisha ya mwanafunzi: kocha, ambaye mara nyingi ndiye mtu mzima pekee shuleni aliyekuwa akimfuatilia kila siku, hakutenganishwa naye tena kwa sababu ya alama. Kiwango cha 70 kilibaki palepale. Namna ya kuikokotoa iliendelea kuachiwa wilaya.